Bima Imtaje kwa Jina Mtoto Mwenye Usonji

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, mwezi Novemba mwaka 2023, mjadala mwingi umekuwa juu ya fedha: nani achangie, achangie kiasi gani, na yule asiyejiweza alipiwe na nani. Hayo ni maswali ya haki, wala hatuna nia ya kuyapuuza. Lakini liko swali jingine lisilopigiwa kelele nyingi, nalo ni hili: bima hiyo itanunua nini hasa? Sheria imeweka msingi wa kuwapo kitita cha mafao. Kitita ni orodha, na kila aliyewahi kutumwa dukani anajua kwamba orodha hailetI nyumbani kitu ambacho hakikuandikwa. Leo tungependa kusema juu ya kundi moja la watoto ambao, tusipoangalia, wataingia katika bima wakiwa na kadi kama wenzao, na kadi hiyo isiwafae kitu katika jambo wanalolihitaji kupita yote. Hao ni watoto wenye usonji.

Neno usonji si geni tena redioni, hasa inapofika tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili hiyo kwa azimio la mwaka 2007. Lakini mitaani na vijijini jambo lenyewe bado lina majina mengine. Mtoto aliyefikisha miaka mitatu bila kusema huitwa bubu, ingawa husikia karatasi ya pipi ikifunguliwa chumba cha pili. Anayezungusha gurudumu la kigari saa nzima bila kuchoka husemwa kuwa amechezewa. Asiyeitikia jina lake, asiyemtazama mama yake usoni, asiyenyoosha kidole kuonyesha ndege ipitayo juu, huyo huambiwa ni mkaidi, na fimbo humfuata. Mama naye hupewa fungu lake la lawama: alikula nini alipokuwa mjamzito, alikosana na nani, ukoo wao una nini.

Ukweli ni mwingine kabisa. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tofauti na ubongo wa wenzake, tangu mapema mno, hata mawasiliano, maingiliano na watu, na hisia za sauti, mwanga au mguso zikawa na mkondo wake. Wapo watoto wenye usonji ambao huja kusoma hadi chuo kikuu, na wapo ambao watahitaji kushikwa mkono maisha yao yote. Hausababishwi na malezi mabaya wala na jicho la jirani. Wala hauambukizi.

Wapo pia wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba aliyeyaandika kwa ukamilifu, Dakta Leo Kanner, alikuwa Baltimore, Marekani, alipochapisha habari za watoto 11 mwaka 1943. Na ni kweli kwamba Victor Lotter, aliyezunguka katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi sita za Afrika na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978, alikuta watoto wachache sana wa namna hiyo. Baadhi ya watu walilichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hapatwi na usonji. Sisi tunaona kwamba anayewatafuta watoto mahali ambapo wazazi hawajawapeleka hawezi kuwaona. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za watoto wa Tanzania wenye usonji, na kwa baadhi yao dalili zilianza mara tu baada ya malaria kali. Hapo Uzungu uko wapi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo imetegemea zaidi nchi zenye takwimu, nazo si zetu, kwa hiyo tuichukue kwa tahadhari. Hata hivyo, shule ya msingi yenye watoto 900 ingekuwa na watoto saba. Mwalimu mkuu atatuambia kwamba hawaoni hao saba. Tunamsadiki. Wengi wao hawakuandikishwa shule, na waliobaki wanakaa dawati la nyuma wakihesabiwa kuwa wazito wa kuelewa.

Sasa, kwa nini tunasisitiza mapema, na kwa nini tunaiingiza bima? Tuanze na la kwanza. Mtoto hujifunza kusema kabla ya kwenda shule. Hujifunza kwa kutazama midomo ya watu, kwa kufuata macho yao, kwa kupokezana sauti na mama yake kama wachezao mpira. Mtoto mwenye usonji huukosa mchezo huo, na kila mwezi upitao bila mchezo huo ni mwezi wa mafunzo uliopotea. Tiba ya mapema, kwa lugha nyepesi, ni kumrudisha katika mchezo huo kwa makusudi, kwa saa nyingi, kwa njia anayoiweza yeye. Mtaalamu wa usemi na lugha humfundisha kuwasiliana, iwe kwa maneno, kwa ishara au kwa picha. Mtaalamu wa tiba kazi humfundisha kula, kuvaa, kustahimili kelele za sokoni. Hakuna sindano, hakuna kidonge, hakuna mashine kubwa. Kuna mtu, mkeka, vitu vichache vya kuchezea, na muda.

Ushahidi wa faida yake ni wa muda mrefu, ingawa haulingani kwa ubora. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitangaza kwamba katika watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 kwa juma, 9 walimaliza darasa la kwanza la kawaida. Habari hiyo iliwasha moto wa matumaini kwa wazazi wa Marekani. Ilikosolewa pia, na kwa haki: watoto walikuwa wachache, hawakugawanywa kwa kura, na katika mafunzo yale makofi yalitumika. Watu wazima wengi wenye usonji wanasema leo kwamba kufundishwa kwa kulazimishwa kufanana na wengine kuliwaachia majeraha. Ni sauti inayopaswa kusikilizwa, maana hao ndio watoto wa jana.

Baadaye ulikuja utafiti wenye misingi imara zaidi. Watoto 48 wa Marekani, wenye umri wa miezi 18 hadi 30, waligawanywa kwa kura. Waliopata mafunzo ya kucheza na kuzungumza kwa miaka miwili walipanda kwa wastani wa karibu pointi 18 katika vipimo vya akili, na wenzao waliopata huduma za kawaida walipanda 7. Hayo yalichapishwa mwaka 2010. Huko Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka huo huo, watoto 152 walio chini ya miaka mitano walihusishwa katika mpango ambao aliyefundishwa hasa ni mzazi: alionyeshwa picha za video zake mwenyewe akicheza na mwanawe, akaelekezwa wapi asubiri, wapi ajibu, wapi anyamaze. Watoto hao walipopimwa tena miaka kama sita baada ya mafunzo kwisha, ugumu wao bado ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Hawakupona usonji, wala hakuna aliyewaahidi kupona. Waliongeza uwezo wa kuishi na watu.

Tukumbuke neno hilo, mzazi, kwa sababu tutalirudia.

La pili ni bima. Bima za afya, kwetu na kwingineko, zilijengwa zikimfikiria mtu aliyeugua ghafula. Ameanguka, amelazwa, amepimwa, amepasuliwa, amepewa dawa, ametoka. Kila hatua ina bei yake, na karani wa madai anaijua. Mtoto mwenye usonji haanguki. Anachohitaji ni saa moja juma hili, saa moja juma lijalo, na hivyo hivyo kwa miaka miwili au mitatu, pamoja na mtu wa kumfundisha mama yake. Fomu ya madai haina mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Kadi ile ile inayolipia malaria ya mtoto, na kulaza kwake hospitalini, inaweza kukosa la kusema anapofika kwa ajili ya ulimi wake.

Tusidhani kwamba ni sisi tu tuliokwama hapo. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, kampuni za bima ziliwaambia wazazi kwamba mafunzo hayo ni elimu wala si matibabu, kwa hiyo waende shuleni; au kwamba ni majaribio ambayo hayajathibitishwa. Shule nazo zilisema mtoto hajafikia umri, au hazina mtaalamu. Mtoto akawa kama barua isiyo na anwani. Wazazi wenye fedha waliuza nyumba zao. Wasio na fedha walisubiri.

Jimbo la kwanza kukata shauri lilikuwa Indiana, mwaka 2001, ambalo lilizilazimisha kampuni za bima kwa sheria kulipia matibabu ya usonji. (Mwaka ule ule Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi, kwanza kwa watumishi wa serikali.) South Carolina na Texas zilifuata mwaka 2007. Mwaka 2008 Pennsylvania iliweka kiwango cha hadi dola 36,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Ilipofika mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Jambo la kuangalia ni kwamba sheria hizo hazikuridhika na maneno ya jumla kama vile huduma zote zinazostahili. Zilitaja usonji kwa jina, na nyingi zikataja umri na aina ya tiba. Wazazi na wanasheria wao walikwisha jifunza kwamba neno la jumla ni mali ya yule anayelipa.

Hata hivyo palibaki tundu kubwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inaziweka nje ya amri za majimbo zile kampuni ambazo hubeba zenyewe gharama za bima za wafanyakazi wao. Kwa hiyo watoto wawili wa mtaa mmoja, wenye hali moja, waliweza kupata mambo mawili tofauti kwa sababu tu baba zao wameajiriwa na watu tofauti. Sisi ambao tuna bima ya watumishi wa umma, bima za kampuni binafsi, na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ambao kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, tuna kila sababu ya kulitazama tundu hilo kwa makini.

Indiana hiyo hiyo ina somo jingine, nalo ni chungu. Mpango wa serikali wa kuwatibu wasiojiweza, uitwao Medicaid, ulilipa huko dola milioni 21 kwa tiba ya usonji mwaka 2017. Mwaka 2023 ulilipa dola milioni 611. Watoto hawakuongezeka mara 29 katika miaka sita. Kilichoongezeka ni vituo vya biashara, baadhi vikimilikiwa na wenye mitaji mikubwa, vilivyogundua kwamba serikali inalipa kwa saa na kwamba viwango vyake havina kipimo madhubuti. Desemba 2024 wakaguzi wa serikali ya shirikisho walitangaza kwamba angalau dola milioni 56 za miaka ya 2019 na 2020 zililipwa isivyostahili. Walichukua sampuli ya madai 100 ya mwezi mmoja mmoja, na katika kila dai walikuta malipo yenye kasoro au yenye kutiliwa shaka: kumbukumbu zisizothibitisha huduma, wafanyakazi wasio na sifa, na saa ambazo huenda zilikuwa za kula na kulala. Sasa jimbo hilo linatafuta namna ya kubana matumizi, na tunajua kwamba kila panapobanwa, anayeumia kwanza ni yule mtoto aliyekuwa akihudumiwa kwa haki.

Hatuyasemi haya ili kuwapa hoja wale watakaosema tusianze. Tunayasema kwa sababu anayeanza nyuma ana faida moja, ya kuona shimo alikotumbukia mwenzake.

Basi kwetu ifanywe nini? Saa 40 kwa juma na mtaalamu mmoja kwa mtoto mmoja hatuziwezi, na tukizitia katika kitita tutakuwa tumeandika ndoto. Hatuna watu. Kwa miaka mingi mafunzo ya tiba kazi katika nchi hii yamekuwa yakitolewa hapa kwetu Kaskazini, KCMC, Moshi, nao wahitimu wake si wengi kwa nchi kubwa kama hii. Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache zaidi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeanza kuwafundisha kwa shahada katika miaka ya karibuni tu. Mama wa Handeni au wa Lushoto anayetakiwa kumpeleka mtoto Moshi kila juma hulazimika kulala njiani, kuacha shamba au genge lake, na kumbeba ndani ya basi mtoto asiyevumilia honi. Baada ya safari tatu huacha. Halafu huandikwa kwamba mzazi hakutoa ushirikiano.

Hapa ndipo tunaporudi kwa mzazi. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za mpango ule wa Kiingereza ukiwa umepelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan. Waliowafundisha wazazi huko hawakuwa madaktari wala wataalamu wa usemi, bali wahudumu wa kawaida wa afya waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Watoto walikuwa 65. Wazazi walibadilika katika namna ya kuzungumza na kucheza na watoto wao, na watoto nao wakaanza kuwasiliana zaidi na wazazi. Hayakuwa matokeo ya muujiza, na si kila kipimo kilichobadilika. Lakini yalionyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa nyumbani kwa watu, kwa lugha yao, na mtu ambaye mshahara wake nchi maskini inauweza.

Shirika la Afya Duniani nalo limetoa mpango wa kuwafundisha walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye matatizo ya ukuaji: vikao tisa vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara tatu. Mpango huo umefanyiwa kazi Ethiopia na kwa jirani zetu wa Kenya. Vikao tisa na safari tatu! Hicho ni kitu kinachohesabika. Kinaweza kuandikwa katika kitita, kikawekewa bei, kikakaguliwa: vikao vilifanyika au havikufanyika, nyumba ilitembelewa au haikutembelewa. Karani wa madai hahitaji kubahatisha, na mfanyabiashara hana saa za usingizi za kuuza.

Tujue vile vile kwamba bima ya jambo hili haiwezi kusimama kwa hiari. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Tuseme huduma ya mapema ya mtoto mmoja, pamoja na mafunzo ya wazazi wake, vikao vya mtaalamu na nauli, inagharimu shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Wakiingia katika bima watoto 127, na mmoja wao akawa na usonji, mzigo ukigawanywa kwa wote haufiki shilingi 8,000 kwa kila mmoja, tena ni kwa ile miaka michache ya mwanzo. Wakiingia tu wale ambao wazazi wao tayari wameona tatizo, kila mmoja analipa milioni yake, na hiyo haiwi bima tena, ni bei ya dukani.

Somo hili tumelisoma nyumbani. Toto Afya Kadi, ambayo mzazi aliilipia shilingi 50,400 kwa mwaka, iliwasaidia watoto wengi wenye maradhi mazito. Lakini mwezi Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba wengi waliandikishwa wakiwa wamekwisha ugua, hata gharama zikaizidi michango kwa mbali. Walioumia wakati ule ni pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu. Hatuwezi kumlaumu mzazi anayekata kadi siku mtoto anapougua. Ni nani asingefanya hivyo? Dawa ya jambo hili ni ile iliyomo katika jina la sheria yenyewe: kwa wote. Kenya pia, tangu Oktoba 2024, imeingia katika utaratibu mpya wa bima ya afya ya jamii unaotaka kila kaya ichangie. Nchi mbili jirani zinaandika upya vitita vyao katika kipindi kimoja, nazo zinaongea lugha moja. Miongozo ya kuwafundisha wazazi ikiandikwa kwa Kiswahili safi upande mmoja, haina sababu ya kutovuka mpaka wa Horohoro.

Wako watakaosema kwamba nchi ambayo akina mama bado wanapoteza maisha wakijifungua haina nafasi ya kuzungumzia watoto wasiotazamana usoni. Tunaiheshimu hoja hiyo, maana haitoki kwa watu wabaya. Lakini ina kosa katika hesabu yake, kwa kudhani kwamba usonji usiposhughulikiwa haugharimu kitu. Unagharimu. Unamgharimu mama aliyeacha kazi ili kumlinda mtoto asiingie barabarani. Unamgharimu dada aliyetolewa shule kumsaidia mama. Unazigharimu fedha zilizokwenda kwa waganga watatu, na mbuzi wawili. Na unamgharimu kijana wa miaka 20, asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma, ambaye hupiga kichwa ukutani hadi afungiwe chumbani. Gharama hizo hazimo katika vitabu vya Hazina kwa sababu kaya ndizo zinazozibeba, na kaya hazipeleki madai kwa mtu ye yote.

Liko pia swali la nani atakayemwona mtoto huyo mapema. Hili tungependa kulikalia kidogo, kwa sababu jibu lake liko karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Nchi yetu ina jambo moja la kujivunia, kliniki ya mama na mtoto. Mama Mtanzania, hata wa kijiji cha mbali, huipeleka kadi ya mtoto wake kliniki, mtoto akapimwa uzito na kuchanjwa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na anapofikisha miezi 18. Miezi 18 ndiyo hasa rika ambalo dalili za usonji huanza kuonekana kwa anayejua kuziangalia. Siku hiyo mtoto yupo, mama yupo, muuguzi yupo, na kadi iko mezani. Kinachokosekana ni maswali manne au matano. Je, anaitika jina lake? Hunyoosha kidole kukuonyesha kitu? Huleta kitu akuonyeshe? Ana maneno, na je, yapo aliyokuwa nayo yakapotea? Maswali haya hayatoi hukumu. Hutenganisha tu mtoto wa kuangaliwa zaidi na yule asiye na shaka.

Hapa tuseme wazi, ili mtu asije akachanganya mambo: chanjo hiyo haileti usonji. Uvumi huo ulianzia Uingereza mwaka 1998 katika makala ya daktari mmoja, na jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba haikuwa ya kweli. Kwamba dalili huonekana karibu na siku za chanjo ni kwa sababu umri ni ule ule. Mzazi anayemkimbiza mtoto chanjo amkimbiza pia muuguzi ambaye angeweza kuiona dalili.

Lakini muuguzi mwenye foleni ya akina mama sitini hatauliza maswali matano kwa sababu gazeti limeandika. Atauliza ikiwa yamechapwa kwenye kadi, ikiwa amefundishwa, na ikiwa kituo chake kinalipwa kwa kazi hiyo. Na hata akiuliza, akamgundua mtoto, atampeleka wapi? Kumwambia mama kwamba mwanawe ana usonji, kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu, ni kumwongezea usingizi wa mang'amung'amu. Upimaji na huduma viingie katika kitita pamoja, ama visiingie kabisa.

Kanuni na miongozo ndiko mahali ambapo mambo haya hushinda au hushindwa, si katika hotuba. Neno "utengamao", ambalo wizara hulitumia kwa huduma za kumrejeshea mtu uwezo wake, ni zuri, lakini katika mikono ya anayelipa laweza kuishia kwenye mguu uliovunjika. Tunataka pawe na maneno usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa mtoto. Pawe na upimaji wa miezi 18. Pawe na mafunzo ya wazazi kwa idadi ya vikao inayojulikana, yanayotolewa na mhudumu wa wilayani chini ya usimamizi wa mtaalamu wa mkoa. Na pawe na ukaguzi wa kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Mtoto asitakiwe kuwa na cheti cha bingwa wa Dar es Salaam ndipo aanze kufundishwa, maana akisubiri cheti umri wenyewe unapita.

Wizara ya Afya husoma makadirio yake Dodoma kila mwaka katika Bunge la bajeti. Wabunge wa mikoa yetu ya Kaskazini wana nafasi ya kumwuliza Waziri swali fupi, naye alijibu kwa kutaja kifungu: mtoto wa miaka miwili wa Handeni, asiyesema, asiyeitika jina lake, ambaye kaya yake imechangia bima kama inavyotakiwa, atahudumiwa na nani, katika kituo gani, vikao vingapi, na nani atakayevilipia?